Kazi ya Mtoto, Jasho la Mama

Jumapili saa mbili usiku, saiba ya mtaani kwetu, duka la intaneti na kuchapisha, hujaa kina mama. Mmoja anataka picha za wanyama wa porini, tena ziwe za rangi. Mwingine ananyoosha simu yenye ujumbe wa mwalimu: kesho watoto walete sanamu ya kutishia ndege shambani. Shamba lenyewe mtaani halipo. Mtoto mwenye kazi yuko nyumbani, kishalala.

Hivyo ndivyo wengi wetu Kenya tulivyoonja kushirikishwa katika masomo ya watoto wetu tangu mtaala wa umilisi, CBC, uanze nchi nzima Januari 2019. Mwongozo wake wa 2017 ulitaja wazi kuwa kuwawezesha na kuwashirikisha wazazi ni mojawapo ya kanuni zake. Kufikia Septemba 2021 manung'uniko dhidi ya mtaala huo yalikuwa yamefika Mahakama Kuu.

Wanaoutetea mpango huu wana hoja nzito. Enzi za 8-4-4, mfumo wa elimu uliotangulia, ulioanza 1985, mzazi aliijua shule kwa karo na kwa swali moja: "Umekuwa namba ngapi?" Wa tatu alinunuliwa soda. Wa arobaini alijua kinachomngoja. Ulichojifunza muhula mzima hakikuwa na muulizaji. Leo baba anajua kwamba mwanawe wa gredi ya nne anasoma aina za udongo, na huenda wameufinyanga pamoja nyuma ya nyumba. Hilo silibezi hata kidogo. Isitoshe, mwalimu mwenye watoto sitini katika kipindi cha dakika 30 akiamua kumsikiliza kila mmoja akisoma, anawagawia nusu dakika nusu dakika. Lazima awepo mtu mwingine wa kusikiliza.

Ila angalia mzazi anaombwa nini. Anaombwa mkono na mfuko. Mtoto wa mwenye printa anafika na kazi inayong'aa. Wa mama anayefulia watu nguo anafika na mchoro wa penseli aliouhangaikia mwenyewe, na wa kwanza ndiye anayeandikiwa "kuzidisha matarajio", daraja la juu kabisa. (Nami nina dhambi hiyo. Nimewahi kukaa na mkasi na gundi hadi saa tano usiku, na sifa alizopewa binti yangu nikazipokea kama zangu.) Kumbe aliyekadiriwa ni mzazi, na pengo ambalo shule ya msingi ya bure ya 2003 ilikusudia kulipunguza linarudi kupitia mlango wa saiba.

Ukweli ni kwamba kumjua mtoto alipofikia hakuhitaji gundi. Kuanzia 2009, watu wa kujitolea wa Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walipita nyumba kwa nyumba hapa Kenya, baadaye Tanzania na Uganda, wakimpa mtoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili aisome nyumbani kwao. Walikuwepo wa madarasa ya juu walioshindwa. Mzazi aliyeshuhudia hakuhitaji ripoti ya shule kumfasiria alichokisikia kwa masikio yake.

Hapo watu hudakia: na asiyejua kusoma je? Kijijini kwetu kuna nyanya anayelea mjukuu wa gredi ya tatu. Herufi hazijui. Kila jioni, sufuria ikiwa jikoni, anamwambia mtoto, "Haya, nisomee." Mtoto akiruka mstari hadithi inachanganyika, na nyanya anamkamata papo hapo: "Ngoja. Mbuzi alikuwa zizini, mtoni amefikaje?" Mtoto anarudi nyuma, anautafuta mstari alioukimbia, anausoma herufi kwa herufi.

Shajara ya shule haina mahali pa kuandika hayo. Ina kistari tu cha sahihi ya mzazi, na kila asubuhi, kabla ya kutoka, mtoto hujitilia mwenyewe.