Ukizuru London ya Queen, Anzia Feltham

Watu wengi wanaokwenda London kufuata nyayo za Queen, bendi ya roki ya Uingereza, huanzia Logan Place, katika eneo la Kensington, na wengi wao huishia hapo hapo. Mimi nami nilianzia huko, nikiwa katika kundi dogo la watu tuliolipia matembezi ya nusu siku, na tulichoonyeshwa ni ukuta. Ni ukuta wa matofali uliopita kimo cha mtu, na nyuma yake imejificha nyumba iitwayo Garden Lodge, ambamo Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi hiyo, alifariki dunia tarehe 24 Novemba 1991. Kwa miaka mingi ukuta huo ulijaa barua na salamu za wapenzi wake, lakini ziliondolewa. Na hata mlango wa kijani wa bustani, uliokuwa umeandikwa na wageni kuanzia juu hadi chini, ulipigwa mnada Septemba 2023 ukanunuliwa kwa pauni 412,750. Mgeni wa leo, basi, anapiga picha matofali. Mtoto mmoja katika kundi letu alimvuta baba yake mkono akauliza tunasubiri nini, na sidhani kama kuna mtu mzima aliyekuwa na jibu.

Nilipomuuliza mwongozaji wetu kama tungefika Feltham, alitabasamu akasema ni mbali na hakuna cha kuona. Hapo ndipo tulipotofautiana, nami siku ya pili nikaenda peke yangu.

Feltham ni kitongoji cha magharibi ya London, mwendo wa kama nusu saa kwa treni kutoka stesheni ya Waterloo, na kipo karibu mno na uwanja wa Heathrow hivi kwamba ndege zinapita juu ya mapaa na mazungumzo barabarani yanabidi yakatike kidogo kisha yaendelee. Namba 22 Gladstone Avenue ni nyumba ndogo ya kawaida, na aliyezoea baraza na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe anaweza kuipita bila kugeuza shingo. Familia ya Freddie, akina Bulsara, ilihamia hapo baada ya kuondoka Zanzibar kufuatia Mapinduzi ya 1964. Baba yake, Mzee Bomi Bulsara, Mparsi (jamii ya India yenye asili ya Uajemi), alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu chini ya serikali ya Waingereza, na nyumbani kwake Unguja kulikuwa na yaya na watumishi. Huku Uingereza mkewe, Bi. Jer, alikwenda kufanya kazi dukani. Mtoto wao Farrokh, ndiye Freddie wa baadaye, aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 na kusomeshwa shule ya bweni huko Panchgani, India, alikuwa na miaka 17 tu, na baadaye, katika vibarua alivyovifanya akiwa mwanafunzi, alibeba mizigo pale pale Heathrow. Hadithi ya namna hii hatuhitaji kusimuliwa na mwongozaji. Karibu kila ukoo wa pwani una mtu aliyeondoka nyumbani akiwa karani mwenye heshima zake akaanza upya kwenye baridi.

Kuna jambo jingine linaloifanya Feltham istahili nauli. Mitaa michache kutoka hapo, katika miaka hiyo hiyo, kijana Brian May, aliyekuja kuwa mpiga gitaa wa Queen, alikuwa anatengeneza gitaa pamoja na baba yake, kwa sababu hawakuwa na fedha za kununua zuri. Shingo ya gitaa waliichonga kutoka kwenye mbao ya meko ya zamani, na springi walizotumia zilitoka kwenye vali za pikipiki. Gitaa hilo ndilo alilolipiga kwenye rekodi na majukwaa ya Queen maisha yake yote. Vijana hao wawili walikuwa majirani wasiofahamiana. Walikuja kukutana baadaye kupitia Tim Staffell, mwanafunzi mwenzake Farrokh katika chuo cha sanaa cha Ealing, aliyekuwa akiimba katika bendi moja na May. Anayetaka kujua bendi hii ilitoka wapi atalipata jibu katika mitaa hii, kwenye chumba cha fundi wa nyumbani na kwenye sebule ya wahamiaji, kabla ya kulitafuta Kensington.

Sisemi kwamba mjini hakuna kitu. Ukitoka Imperial College, alikosomea May fizikia na ambako Queen walipiga onyesho lao la kwanza la London mwezi Julai 1970, unaweza kwenda kwa miguu hadi mahali palipokuwa na Kensington Market, walikouza nguo za mitumba Freddie na mpiga ngoma Roger Taylor. Jengo lenyewe lilikwisha bomolewa. Soho nako, katika kichochoro cha St Anne's Court, kulikuwa na studio za Trident, ambako walirekodi albamu yao ya kwanza katika saa za usiku wa manane zisizotakiwa na wasanii wenye fedha. Uwanja wa Wembley wa tamasha la hisani la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985, walipouteka umati wa watu wapatao 72,000 kwa dakika 20 hivi, ulivunjwa, na uwanja uliopo sasa ulifunguliwa 2007. Hata sanamu kubwa ya Freddie iliyosimama mbele ya ukumbi wa Dominion kuanzia 2002 iliondolewa 2014, na sasa, kwa kichekesho fulani, imo katika bustani ya Roger Taylor.

Nyumba ya Gladstone Avenue ingalipo. Shirika la English Heritage liliiwekea Septemba 2016 kibao cha buluu, kile cha kuonyesha kwamba mtu mashuhuri aliishi hapo, na waliokizindua ni Brian May na Kashmira, dada yake Freddie. Kibao kinataja jina ambalo dunia inalijua, na chini yake, ndani ya mabano, kwa herufi ndogo, kinasema Fred Bulsara. Zanzibar haikuandikwa. Nilikisoma nikiwa upande wa pili wa barabara, kwa kuwa nyumba ina wenyewe na mapazia yalikuwa yamefungwa, nikasubiri ndege ipite, kisha nikarudi stesheni.