Namba sio tatizo, tatizo ni ofisi inayosema "tungesikia"

Kila shairi la The Unknown Citizen (Raia Asiyejulikana) la W. H. Auden, mshairi Mwingereza, likitajwa kuna hoja inarudi, kwamba ile ni kejeli ya mtu aliyeshiba. Auden aliliandika 1939, mwaka aliohamia Marekani, miaka mitatu tu tangu Wamarekani waanze kupewa namba za hifadhi ya jamii. Anayesifiwa ni marehemu ambaye serikali imemjengea mnara wa marumaru ulioandikwa JS/07 M 378, jina hamna. Wapinzani wanasema haya, mtazameni basi huyo mnayemhurumia, kazi ya kiwandani anayo na hajawahi kufukuzwa, bima anayo, hospitali alilazwa akatoka amepona, nyumbani redio, gari na friji. Wakati Wamakonde wa Kwale, pwani ya Kenya, ambao wazee wao walitoka Msumbiji enzi za mkoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, ilibidi 2016 waende Nairobi kwa miguu kudai kitambulisho, maana bila hicho huwezi kufungua akaunti benki wala kusajili laini ya simu. Hao ukiwaambia namba inamfuta mtu watakushangaa, na wana haki kabisa.

Ila jamani, shairi halijasema namba ni mbaya. Anayeongea mle mwanzo hadi mwisho ni serikali yenyewe, na inamsifu jamaa kwa moyo wote. Mimi pale kwenye watoto huwa sipiti haraka. Alizaa watano, na mtaalamu wa serikali wa kuboresha kizazi anathibitisha kwamba ndio idadi inayofaa kwa mzazi wa rika lake. Sasa wanaitwa nani hao watoto? Yupi alikuwa mgonjwa mgonjwa, yupi alimlilia babake siku ya mazishi? Hakuna. Mke tunajua yupo kwa sababu imeandikwa ameoa, basi. Walimu nao wanaripoti hakuwahi kuingilia masomo ya wanawe na hiyo inahesabiwa ni sifa, baba asiyeuliza kitu, sifa! Mwishoni ndo serikali inauliza alikuwa huru, alikuwa na furaha, halafu inajijibu yenyewe kwamba hilo ni swali la kipuuzi, kungekuwa na shida tungesikia.

Hiyo "tungesikia" ndo shairi lenyewe. Ofisi inasikia kile tu ambacho fomu imekiwekea nafasi, na kisichokuwa na nafasi inakihesabu hakipo, tena bila ubaya wowote moyoni, karani anaenda nyumbani akiamini kazi ameimaliza. Ndo maana sikubali Wamakonde watumiwe kumjibu Auden. Miaka yote ile faili lao lilikuwa safi vilevile kama la JS/07 M 378, kwa sababu mtu asiye na kitambulisho anapeleka malalamiko kaunta gani, na huko kaunta kitu cha kwanza anachoulizwa si ni kitambulisho? Wakasikika walipoamua kutembea, na 2017 vitambulisho vikaanza kutolewa.