Mkaguzi wa Midomo

Mimi ni mtu wa miaka 47, baba wa watoto wanne na mjumbe wa kamati ya maziko mtaani kwetu, na kwa wiki tatu sasa, kila siku ya kazi ifikapo saa moja na nusu asubuhi, ninasimama kwenye mlango wa nyuma wa duka nikikagua midomo ya wanawake. Naomba msomaji asicheke kwanza. Kazi hii sikuiomba. Niliajiriwa miaka 11 iliyopita kuuza ndoo, mabeseni na madumu katika duka kubwa la vifaa vya nyumbani hapa Dar es Salaam, duka linalouza kila kitu kuanzia sindano hadi rangi ya ukuta, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza lolote kuhusu mdomo, isipokuwa mdomo wa jagi.

Mambo yaliharibika siku uongozi ulipotugawia kitabu cha kurasa 14 kiitwacho Mwongozo wa Mwonekano wa Mfanyakazi. Sisi wanaume tulipewa ukurasa mmoja na robo: shati jeupe lisilo na doa, tai, suruali nyeusi, viatu vyeusi vinavyong'aa, ndevu zinyolewe kila siku na ngozi iwe nyororo. Aliyeandika maneno hayo hajawahi kuwa na ndevu kama zangu, ambazo zikinyolewa siku mbili mfululizo huacha vipele kidevu kizima, kiasi kwamba nikikitii kifungu cha ndevu ninakivunja kifungu cha ngozi, na nikiituliza ngozi ninaandikiwa onyo kwa ndevu.

Kurasa zilizobaki zote zilikuwa za wanawake. Nyusi zitindwe, lakini zisimfanye mhudumu aonekane ameshangaa. Wanja upakwe, lakini usionekane. Kope za kubandika ziwepo "kwa kiasi". Poda, faundesheni na rangi ya mdomo ni lazima muda wote wa zamu. Msuko wa twende kilioni ulipigwa marufuku kwa jina, nadhani kwa hofu kwamba wateja wangedhani duka limefiwa. Wanaovaa hijabu walielekezwa waivae nyeusi tupu na waikunje hadi beji ya jina ionekane, maana inaelekea mteja hawezi kununua sufuria bila kujua aliyemwonyesha anaitwa nani.

Meneja wetu, kijana ambaye tungekutana mtaani angeniamkia shikamoo, aliniita ofisini akaniambia, "Mzee, wewe hapa unaheshimika." Kwa uzoefu wangu, maneno hayo hutangulia kazi isiyo na posho. Akanieleza kwamba sheria isiyo na mkaguzi ni mapambo tu, kwamba wasimamizi vijana wakisimama mlangoni kutazama midomo ya dada zao yataibuka maneno, na kwamba mtu mzima kama mimi hawezi kushukiwa. Kisha akanikabidhi daftari, kalamu, na kadi iliyowekwa ndani ya mfuko wa nailoni, yenye vipande sita vya rangi vilivyopangwa kwa namba. Zilizoruhusiwa zilikuwa namba mbili, tatu na nne.

Asubuhi ya kwanza alifika keshia mmoja mwenye umri wa binti yangu wa kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu geukia kwenye mwanga."

Akageuka, akakaza midomo kama mtoto anayesubiri matone ya chanjo. Nikaisogeza kadi karibu na kidevu chake, nikafumba jicho moja kama fundi anayepima ukuta umenyooka au umelala, na kusema kweli sikuona tofauti yoyote kati ya tatu na nne, kwa sababu kwangu mimi wekundu uko wa namna mbili tu, wa nyanya na wa matofali.

"Tatu na nusu," nikasema.

"Tatu na nusu haipo, baba."

"Basi nenda ukanywe chai, itashuka hadi tatu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuandika tarakimu ambazo hadi leo sijui zinapelekwa wapi.

Suala la faundesheni ni zito zaidi, na hapo nikiri kwamba hata mimi nilinyamaza ilhali nilipaswa kusema. Uongozi ulileta sampuli za rangi mbili tu: moja ya maji ya kunde, nyingine nyeupe kuliko hiyo. Dukani tuna wanawake 23, na ukiwatoa wawili au watatu, waliobaki wote ni weusi kuliko sampuli zote mbili. Yupo dada wa upande wa vyombo vya kioo ambaye Mungu alimpa weusi uliokamilika, wa kung'aa, ambao watu wa pwani wameutungia mashairi. Siku ya pili alifika uso ukiwa kama ameshinda akipepeta unga, na shingo ikiwa palepale ilipozaliwa, na kati ya viwili hivyo, chini ya taya, palikuwa na mpaka ulionyooka kuliko barabara nyingi za mtaani kwetu. Serikali imehangaika miaka mingi na mkorogo, ikapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na shehena zikikamatwa huteketezwa, kumbe sisi tumepata njia ya kuwabadilisha watu rangi bila sumu, kwa kitabu cha kurasa 14 peke yake. Nikaweka tiki. Alinitazama wakati ninaiweka, na macho yake sijayasahau.

Sasa mwandishi wa mwongozo huo anakaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi, wakati viyoyozi vya dukani huwashwa saa nne ili kuokoa umeme wa LUKU. Kati ya saa mbili na saa nne tunapanga bidhaa na kusukuma mikokoteni, katika jiji ambalo mwezi Februari nyuzijoto hufika 32 na unyevu wa bahari hukulowesha hata ukiwa umekaa kimya. Hapo ni baada ya kusimama ndani ya mwendokasi kutoka Kimara, umebanwa hivi kwamba uso wako unapumzika kwenye mgongo wa abiria usiyemjua. Shati lake linashuka na nusu ya poda yako. Nusu inayobaki inaanza safari ya kuelekea kwenye kola ya blauzi, na kola ikipata doa, mfanyakazi anaandikiwa kosa chini ya kifungu cha mavazi, akiwa bado ana kosa chini ya kifungu cha uso, kwa kuwa uso nao umebaki mtupu.

Lakini ni mashine iliyotumaliza. Mahudhurio yetu yanasajiliwa kwa mashine inayotambua sura, iliyofungwa kwenye korido yenye giza mwaka jana, wakati kila mwanamke alipopigwa picha akiwa na uso wake wa kawaida. Mwongozo unasema mfanyakazi afike kazini akiwa ameshajipamba. Akifika amejipamba, mashine inamtazama, inafikiri, kisha inatangaza kwa sauti ya mwanamke wa kigeni kwamba hamtambui. Anajaribu tena kwa kutabasamu, hatambuliki. Anajaribu kwa kununa, hatambuliki. Inambidi aende bafuni anawe, arudi na uso wa mwaka jana, asajiliwe saa mbili na dakika 11 akiwa amechelewa, arudi bafuni ajipake upya, kisha aje kwangu nimkague akiwa na macho mekundu kwa sababu ya sabuni. Nilipolipeleka suala hili kwa meneja, alinijibu kwamba mashine imenunuliwa kwa fedha nyingi na haiwezi kuwa na makosa, kwa hiyo wanawake waangalie kama hawajazidisha.

Makato ya kuchelewa yalikuja mwisho wa mwezi. Keshia wa kaunta namba tatu, mama mmoja mtulivu anayesoma kila kitu ikiwemo maandishi ya nyuma ya sabuni, alikuja chumba cha chakula na nakala ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwenye simu yake, akatusomea kifungu cha 28, kwamba mwajiri haruhusiwi kukata ujira wa mfanyakazi isipokuwa kwa njia zilizotajwa humo, kama vile makato yanayoruhusiwa na sheria au amri ya mahakama, au pale ambapo mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi kuhusu deni. Tukapiga makofi hadi sahani zikatikisika. Kesho yake uongozi ulituletea fomu ya kukubali kwa maandishi.

Gharama za vipodozi nazo ni za mfanyakazi, ingawa hapo uongozi ulionyesha huruma, ukatangaza kwamba utarudisha nusu ya bei kwa yeyote atakayeleta risiti ya EFD. Naomba msomaji anayeifahamu Kariakoo aufikirie mpango huo polepole. Wanawake wetu hununua rangi ya mdomo kwa machinga aliyebeba boksi kifuani, anayetembea huku akikimbia, na kumwomba mtu huyo risiti ya kielektroniki ni sawa na kumwomba samaki cheti cha kuzaliwa. Mpaka leo hakuna aliyerudishiwa hata shilingi.

Na rangi yenyewe haikai mdomoni. Keshia anapohesabu noti hugusa ulimi kwa kidole, kidole kinapita kwenye mdomo, mdomo unahamia kwenye fedha. Kwenye noti ya 10,000 haionekani sana, kwa sababu noti yenyewe ina wekundu wake. Balaa liko kwenye noti ya 1,000, ambayo ni ya buluu na ina picha ya Baba wa Taifa. Juzi mteja mmoja, mzee wa kofia na kanzu, alirudishiwa chenji, akaitazama noti yake, akavua miwani, akaivaa tena, kisha akamuuliza keshia kwa sauti ya upole ni nani aliyembusu Mwalimu shavuni.

Viatu vya visigino wanavyovaa wanawake wetu sivisemi sana kwa kuwa sivivai. Ninajua tu kwamba ifikapo saa nane mchana chumba cha chakula hujaa wanawake walioweka miguu juu ya maboksi, na kwamba jina la mchuchumio tulilipatia kwelikweli, kwani kuchuchumia ni kusimama kwa vidole vya miguu ili ukifikie kitu kilicho juu, na dukani kwetu kilicho juu ni mshahara. Mama wa kaunta namba tatu ametueleza kwamba huko Japani mwaka 2019 wanawake walipeleka malalamiko serikalini kupinga kulazimishwa kuvaa visigino kazini, na kwamba kwa Kijapani neno la kiatu na neno la maumivu yanakaribiana sana kwa matamshi, jambo walilolitumia kuunda jina la kampeni yao. Waziri wa kazi wa huko akasema hilo ni jambo ambalo jamii imelikubali. Yule dada wa vyombo vya kioo akauliza kama waziri huyo alivijaribu. Hakuna aliyekuwa na jibu, tukarudi kazini.

Nyumbani nilikuwa sijasema kitu. Mwanamume wa umri wangu akimweleza mkewe kwamba siku hizi anatazama midomo 23 kila asubuhi, inabidi awe na mashahidi. Lakini Jumamosi iliyopita mke wangu alichukua shati langu kulifua, akakuta mkono mzima una michirizi ya namba mbili, tatu na nne, na mfukoni akakuta kadi. Nikajua yamenifika. Nikaanza kueleza kuanzia mwongozo, meneja na ndevu, nikaeleza hadi mate yakanikauka, naye hakunitazama kabisa. Alikuwa ameisogeza kadi dirishani.

"Baba Asha," akasema, "mbona hii namba nne ni ukuta wa sebule ya dada yangu kule Tabata?"

Akaitoa kadi kwenye mfuko wa nailoni, akaibandua kwenye karatasi iliyogundishwa nyuma, akanisomea. Ilikuwa kadi ya rangi za nyumba, imekatwa juu kwa mkasi mahali palipokuwa na jina la kiwanda. Hufaa kwa kuta za ndani na nje. Ukuta usafishwe na ukaushwe kabla ya kupaka. Rudia mkono wa pili baada ya saa nne. Mke wangu alikaa chini ili acheke vizuri, nami nikabaki nimesimama katikati ya chumba, nikiwakumbuka watoto wa watu niliowarudisha bafuni kwa sababu hawakufanana na ukuta.

Jumatatu nilimpelekea meneja kadi hiyo. Aliigeuza mara mbili, akasoma nyuma, akafunga mlango, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kadi halisi imeagizwa, ila kwa sasa niendelee na hii, kwa kuwa namba zake zimeshaingia kwenye mfumo.

Nikarudi mlangoni. Wa kwanza kufika alikuwa mama wa kaunta namba tatu, ambaye habari zilikuwa zimeshamfikia kabla yangu, sijui kwa njia gani. Nikamsogezea kadi kidevuni kama kawaida, nikamweleza kwa uso mkavu kwamba ni namba nne safi, ila kwa mujibu wa maelekezo inambidi arudie mkono wa pili saa nne, viyoyozi vitakapowashwa.

"Sawa, kaka," akasema, akisaini daftari. "Na thina ya kuitoa rangi jioni, nitapewa na nani?"