Annapolis, sidii na wale maofisa 27

Huko Marekani hoja ya kuifunga Annapolis haifi. Huzikwa, ikafukuliwa, na kila ikifukuliwa inaingia akilini. Chuo hiki cha maofisa wa jeshi la majini kinamlea kijana kwa miaka minne: ada hakuna, chakula na malazi ni juu ya serikali, na posho ya kila mwezi anapata. Akihitimu anadaiwa miaka 5 ya utumishi. Wakati huohuo vyuo vikuu vya kiraia, kwa mpango ulioanza 1926, vinatoa maofisa wa cheo kilekile, na shule ya maofisa ya mjini Newport inampokea mwenye digrii yake ikampa kamisheni, yaani cheo cha ofisa, baada ya miezi michache. Wakishafika melini, bahari haiulizi nani alisomea wapi. Basi gharama yote hiyo ya nini?

Wenye hoja hii wana historia pia. Katika Vita vya Pili vya Dunia Marekani ilijaza manowari zake maofisa wa akiba waliopikwa kwa siku 90, na vita ikashinda. Na kwa anayedhani Annapolis ni kinga, wana Chester Nimitz, mhitimu wa 1905, aliyekuja kuongoza vita ya Pasifiki: mwaka 1908 aliipandisha manowari Decatur kwenye fungu huko Ufilipino, akafikishwa mahakama ya kijeshi.

Sawa. Lakini ndani ya hoja hiyo kuna sentensi imejibanza: kwamba bahari hufundishwa baharini, na darasa ni mapambo tu. Kwetu pwani sentensi hiyo ni tamu sana. Nani asiyejua kwamba nahodha wa jahazi alianza kwa kufua maji ngamani, akapanda kidogokidogo mpaka akaujua kusi na kaskazi kama anavyojua mlango wa nyumba yake? Ila tusisahau kwamba nyuma ya kijana yule alikaa mzee mmoja, chombo kilekile, mwaka hadi mwaka, akimgombeza. Ofisa mchanga wa manowari hana mzee huyo. Atakaa melini miaka miwili hivi, ahamishwe. Na anayemfundisha naye yuko mbioni kuhama.

Wamarekani wenyewe walishaijaribu njia ya melini. Kabla ya 1845 watoto wa wakubwa walipandishwa chomboni wajifunze humohumo. Mwaka 1842, kwenye meli ya mafunzo Somers, nahodha aliwanyonga watu watatu kwa tuhuma za uasi, mmoja wao Philip Spencer, kijana wa miaka 19 aliyekuwa mtoto wa Waziri wa Vita. Nchi ilitikisika. Miaka mitatu baadaye George Bancroft, waziri wa jeshi la majini, akaichukua ngome kuukuu ya Fort Severn bila kuliomba Bunge fedha mpya, akaanza na vijana 50 na walimu 7. Annapolis ikazaliwa.

Somo hilo lilisahaulika mwaka 2003. Safari hii panga halikuiangukia Annapolis yenyewe, liliangukia kozi nyingine ya Newport, ya miezi kadhaa, ambayo maofisa wapya wa meli za juu ya maji waliipitia kabla ya kupangiwa chombo. Ilifutwa ili kuokoa fedha. Badala yake kila mmoja alikabidhiwa furushi la sidii, akaambiwa ajisomee akiwa melini kati ya zamu na zamu. Anayejua zamu za manowari, na usingizi unaopatikana humo, anajua sidii zile ziliishia wapi.

Mwaka 2012 kozi fupi ya wiki chache ilirudishwa, lakini kizazi cha sidii kilikuwa kimeshapanda vyeo, nacho ndicho kilichotakiwa kuwafundisha wadogo. Kisha ukaja 2017. Tarehe 17 Juni, usiku, karibu na Japani, manowari ya Marekani Fitzgerald iligongana na meli ya makontena iliyokuwa ikija kutoka upande wake wa kulia, yaani ile ambayo kwa kanuni ya kwanzakwanza ya baharini Fitzgerald ndiyo ilipaswa kuipisha. Mabaharia 7 walikufa, maji yakiwafuata chumba cha kulala. Agosti, karibu na Singapore, manowari nyingine, John S. McCain, ikagongana na meli ya mafuta, wakafa 10.

Jeshi likaamua kuwapima maofisa wake vijana, na hapa ndipo ninapokwama kila mara. Mwaka 2018 waliingizwa maofisa 164 kwenye mitambo ya kuigiza uongozaji wa meli. Wote tayari walikuwa na cheti cha kushika zamu. Si wanafunzi hawa, ni watu ambao usiku wenzao mamia wamelala wakiwategemea. Waliopita bila dosari ya kutajwa ni 27. Wengine 108 walipita kwa mashaka kiasi, na 29 kwa mashaka makubwa. Ishirini na saba! Ukipanga sita mstarini, ni mmoja tu ambaye mkaguzi hakuandika neno. Na hao wengine vyeti vyao vilisainiwa melini, na wakubwa wao, kwa ile njia ya bahari kufundisha baharini.

Mpinzani atanijibu, na ana haki, kwamba kati ya waliopewa sidii wamo wahitimu wa Annapolis. Miaka minne haikuwatosha? Haikuwatosha. Chuo kinampa ofisa msingi wa hesabu, mitambo, hali ya hewa na amri. Mkono wa usukani unataka shule nyingine juu yake. Ninachokataa ni hitimisho kwamba kwa kuwa msingi si nyumba, basi tuung'oe. Annapolis yenyewe iliwahi kunaswa na tamaa hiyo: mwishoni mwa miaka ya 1990 iliondoa somo la kutafuta njia kwa nyota, setilaiti zikionekana kutosha. Mwaka 2015 lilirudi, kwa sababu setilaiti huweza kuvurugwa na adui.

Madoa yake nayajua. Mtihani wa umeme wa 1992 uliibwa, na wanafunzi 24 wakafukuzwa. Wanawake walikubaliwa 1976 tu, na malalamiko ya udhalilishaji hayajawahi kukoma. Gwaride na mpira wa Marekani vinakula muda ambao mimi ningeupeleka kwenye maji bila kufikiri mara mbili.

Maana maji yapo, mbele ya mabweni. Mtoni Severn hupita boti za mafunzo za mita 33, na ndani yake kijana wa miaka 19 anapima pembe ya mnara, anaitamka kwa sauti, mwenzake anachora mstari kwenye ramani. Mstari umekosea. Ofisa aliyesimama nyuma yao ameshaona, lakini amenyamaza. Anasubiri kuona watachukua muda gani kugundua.