Ukienda laivu ndani ya VR, usituvalishe kichwa chako

Wengi wenye miwani ya VR, ile inayofunika macho na kukufanya ujione uko ndani ya gemu, wakienda laivu wanarusha kile kile kinachoonwa na jicho lao. Mchezaji akigeuka ghafla, tunageuka naye. Akiinamisha kichwa begani kukwepa ukuta, dunia nzima kwenye simu yangu inalala upande. Yeye hapati shida, maana shingo yake inajua kwamba ni kichwa kilichosogea. Mimi niliyekaa zangu Nyerere Square sijasogea popote: macho yanadai nakimbia, mwili unasema nimekaa. Kichefuchefu hakichelewi.

Kuna na la bando, ambalo halizungumzwi sana. Video ya mtandaoni hubanwa kwa kubeba zaidi yale yaliyobadilika kutoka fremu moja (picha moja kati ya zile zinazounda video) hadi nyingine. Kamera ikitulia, ukuta na sakafu ni vile vile, kwa hiyo data karibu yote inamwendea mchezaji. Ikitikisika, kila kitu kinabadilika kwa pamoja, na picha inavunjika vipande vya mraba. Mtu yuko Nzuguni analaumu mtandao, kumbe mwenye kosa ni shingo ya mrusha laivu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba gemu kama Beat Saber, ya kukata visanduku kwa mdundo wa muziki, irushwe kwa kamera ya nje. Programu kama LIV inakuwezesha kuweka kamera pepe, yaani ya kidijitali iliyomo ndani ya gemu, nyuma ya bega au ubavuni, na wewe ukaonekana kama mhusika ndani ya gemu. Utamu wa Beat Saber uko mwilini: mikono inapishana, magoti yanakunjwa, mtu anachuchumaa ukuta upite. Kwa jicho la mchezaji tunaona visanduku vinakuja na panga mbili za mwanga zisizo na mwenyewe. Anayeangalia Dodoma Jiji kwenye kibanda umiza hataki kamera iliyofungwa kwenye paji la uso la mshambuliaji. Anataka kuona pasi inakwenda kwa nani.

Lakini si kila gemu. Half-Life: Alyx, gemu ya VR ya kupigana kwa bunduki iliyotoka 2020, utamu wake uko kwenye vidole: kupekua rafu, kujaza risasi huku adui anasogea. Ukitusimamisha nyuma ya mchezaji, mgongo wake utaziba yote. Hapo tupe jicho lako, ila ulitulize. Zipo programu zinazolainisha mitikisiko, na nyingine zinazuia picha isilale kichwa kikiinama. Usizidishe tu. Ukilainisha kupita kiasi, picha inabaki nyuma ya kichwa, unafyatulia kitu ambacho sisi bado hatujakiona. Kupanua upeo wa picha nako kuna bei: tunaona zaidi pembeni, lakini mikono inakuwa midogo.

Kamera ya nje ina gharama yake. Kompyuta tayari inachora picha mbili, moja kwa kila jicho. Hii inakuwa ya tatu. Kadi ya picha ikielemewa, miwani inaanza kukwama na kizunguzungu kinahamia kwa mchezaji. Bora apunguze ubora wa kamera yetu sisi watazamaji. Fremu 30 kwa sekunde zinatutosha kwenye simu.

Mwenye Quest, miwani ya VR inayocheza gemu yenyewe, asiye na kompyuta, anayerusha moja kwa moja kutoka kwenye miwani, dawa yake ni ya bure: ageuze kichwa polepole, na akitaka tuone kitu, akitazame sekunde mbili tatu kabla ya kuondoka.