Invictus darasani: onyesha vipande vitatu, kisha muikosoe

Filamu ya Invictus (2009), inayohusu Nelson Mandela na timu ya raga ya Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia la 1995, ina dakika 134. Kipindi cha historia ni dakika 40. Mwalimu anayeiweka mwanzo hadi mwisho anamaliza vipindi vyake vya wiki, na wanafunzi wanatoka wakimkumbuka mwigizaji Matt Damon kuliko ubaguzi wa rangi. Vipande vitatu vinatosha, visivyozidi dakika 25 kwa jumla. Somo lenyewe huanza projekta ikishazimwa.

Kipande cha kwanza ni mwanzo kabisa: Februari 11, 1990, msafara wa Mandela unapita barabarani. Upande mmoja vijana Wazungu wanacheza raga kwenye nyasi, upande wa pili vijana Weusi wanacheza soka kwenye vumbi. Zima sauti, uliza wanaona nini. Cha pili ni kikao cha baraza la michezo kinachotaka kufuta jina na rangi za Springboks, timu ya taifa ya raga. Hapa washa maandishi ya Kiingereza chini ya picha, maana lafudhi huwapoteza hata wanaoijua lugha. Spika ya kompyuta haifiki nyuma ya darasa, azima kubwa.

Cha tatu ni fainali, Afrika Kusini na New Zealand, uwanja wa Ellis Park, Juni 24, 1995. Kwanza tumia dakika 5 ubaoni: pasi ya mkono hairuhusiwi kwenda mbele, trai (kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani) ni pointi 5, penalti na mkwaju wa kudondosha (mpira unaangushwa chini kisha unapigwa) ni 3. Bila hayo, darasa lililokulia kwenye soka litashangaa mechi ilivyoisha 15-12 bila trai hata moja, pointi zote 15 za wenyeji zikipigwa na Joel Stransky.

Sasa ikosoeni. Kwenye filamu Mandela anampa nahodha François Pienaar shairi la William Ernest Henley liitwalo Invictus. Ukweli ni kwamba alimpa sehemu ya hotuba ya Theodore Roosevelt. Rubani wa ndege iliyopita juu ya uwanja anaonyeshwa akijiamulia, ilhali mpango ule uliandaliwa na kuruhusiwa mapema. Kwa nini mwongozaji alibadilisha? Swali hilo linapima zaidi kuliko "eleza mchango wa Mandela".

Kasoro kubwa ni kilichoguswa juu juu: kususiwa kwa Afrika Kusini michezoni kwa sababu ya ubaguzi. Afrika Kusini haikucheza Kombe la Dunia la raga 1987 wala 1991. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand, hao hao waliofungwa Ellis Park, ilipeleka timu yake ya raga kwa makaburu. Mwanariadha wa Tanzania Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa 3:32.2 kule Christchurch 1974, hakukimbia. Dhahabu akaichukua John Walker, wa New Zealand.

Kazi ya nyumbani: waandike ukurasa mmoja wa onyesho ambalo filamu haina, kuhusu Bayi na Montreal. Sahihisha kwa alama 20, 12 za ukweli unaothibitika na 8 za uandishi. Ukigeuza mgawo huo utaletewa ngonjera.