Carol, si uulize!

Kwenye sehemu ya tano ya tamthilia ya Pluribus, Carol Sturka anapanga matofali juu ya kaburi la Helen, mwenzi wake, ili mbwa mwitu wasilifukue. Anabeba moja, analilaza, anarudi kuchukua jingine. Mdogo wangu akanyanyuka, akaenda kuchemsha chai, akarudi na vikombe viwili. "Bado anapanga?" Bado.

Hapa lazima nimwage ubuyu kidogo. Ujumbe wa redio kutoka umbali wa miaka ya nuru 600 umezaa kirusi kilichounganisha akili za binadamu wote, isipokuwa watu 13. Mmoja wao ni Carol, mwandishi wa riwaya za mapenzi wa Albuquerque, mwenye ulimi mkali na chupa karibu. Waliounganishwa, yaani Wale, wana furaha, wana adabu, na hawawezi kusema uongo.

Mwendo wa kinyonga sikuuchukia. Sehemu ya saba karibu haina mazungumzo: Wale wameuhama mji, Carol yuko peke yake humo, anaimba, anacheza gofu, analipua fataki. Moja inaangukia upande wake, mdomo umemwelekea, naye hasogei. Halafu anachukua rangi na kuwaandikia wale aliokuwa anawachukia, barabarani mbele ya nyumba yake, kwamba warudi. Ungenionyesha upweke huo kwa dakika tano, rangi ile isingenigusa. Rhea Seehorn, anayemwigiza Carol, ameubeba kwa uso tu.

Kinachoniudhi ni kingine. Una dunia nzima inayokujibu ukweli, kwa nini huulizi? Anaandika mambo machache ubaoni, kisha anasusa. Anagundua Wale wanakula nini (sitasema, huenda uko mezani), anaendesha gari mpaka Las Vegas kupeleka habari, na kumbe Koumba Diabaté, Mmauritania mmoja wa watu 13 anayeishi huko kifalme, anajua tayari. Wenyewe walishamweleza! Nilicheka, lakini kicheko cha mtu aliyechoka kungoja. Hapo polepole si upweke tena. Ni waandishi wanaficha kadi, na wamemziba Carol mdomo ili zisionekane.

Mlinganishe na Manousos, mwingine wa watu 13, kule Paraguay. Naye anakwenda taratibu, tena kuliko Carol. Anapekua masafa ya redio moja baada ya jingine, anaandika, anakataa hata chakula cha Wale, mwisho anakata msitu wa Darién, kati ya Kolombia na Panama, kwa miguu na kuangukia miiba. Sikuchoka naye hata dakika moja, kwa sababu kila hatua kuna kitu anakitafuta. Vince Gilligan, aliyeitunga tamthilia hii, anaujua sana ufundi huo wa kumtazama mtu akifanya kazi. Ndiyo maana nashangaa Carol amemnyima kazi kwa muda mrefu hivyo.

Sehemu ya tisa ilitoka mkesha wa Krismasi. Carol yuko mapumzikoni na Zosia, mmoja wa Wale, ana raha, ndipo anapofikiria mayai yake ya uzazi aliyoyagandisha zamani. Anauliza kama Wale wanaweza kuyatumia kumuunganisha na yeye. Zosia anamjibu kama alivyo, bila kuzunguka. Kinachofuata, helikopta inamrudisha nyumbani, na kontena lililoshushwa mbele ya nyumba lina bomu la atomiki.

Chai ya mdogo wangu ilipoa safari hii.